Jina la Kufungulia

Tausi aliichukia simu mpya ya mumewe tangu fundi alipoisifia: programu yake iko wazi, yeyote anaweza kusoma jinsi ilivyoandikwa, ila siri za mwenyewe haimpi mtu.

"Hata mkewe?" alimuuliza mumewe jioni moja nyumbani.

Shaweji alicheka, akamwekea simu mapajani. "Ifungue basi, mke wangu. Nywila ni jina la nimpendaye. Ukikosea mara tano inajifuta yote." Akaenda kuoga.

Tausi aliandika jina lake. Ikakataa. Akaandika Mama Zubeda, kisha Kipusa, kisha Laazizi, majina yote ambayo mumewe aliwahi kumwita. Ikakataa.

Ikabaki nafasi moja. Bafuni, Shaweji alikuwa akiimba. Herufi kwa herufi, Tausi akaandika jina la jirani aliyewaletea maandazi asubuhi, akabonyeza, huku akiiomba ikatae.