Herufi Sita

"Neno la siri si sahihi," kompyuta ilijibu kwa mara ya tatu, na Rahima akahisi wasiwasi wa mteja wake ukimwingia na yeye.

Mteja aliitwa Wangwe. Alikuwa ameingia steshenari hii ya Nyamisangura akihema, kofia mkononi, akitaka jambo moja tu: afunguliwe folda ya mke wake, Regina, iliyohifadhiwa mtandaoni. Ndani yake mlikuwa na picha za hati ya shamba la Kemambo. Hati yenyewe ililiwa na mchwa. Na tangu mshipa wa dhahabu uonekane katika shamba hilo, wenyewe wamekuwa wengi kuliko mihogo. Saa tisa kamati ya kijiji ingefunga orodha. Atakayefika na hati, jina lake lingeandikwa. Atakayechelewa, imekula kwake.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo.

"Kwani Regina mwenyewe hapatikani?" Rahima aliuliza.

"Amejifungua jana, dada. Simu imezima. Nimeenda wodini, mlinzi kanikatalia, eti saa ya kuona wagonjwa imepita."

Akamwonyesha picha kwenye simu yake: Regina na watoto wawili wa kwanza. Pua ya Wangwe ilikuwa imekaa kwenye nyuso zote mbili, hakuna haja ya kuuliza. Rahima alilainika. Watoto wazuri hivi wapoteze shamba kwa sababu ya neno la siri? Haiwezekani.

Alianza na ya kawaida. Kiungo cha folda kilikuwa kinajifungua kwa akaunti ya Wangwe, ambayo haikuwa na ruhusa. Akatoka humo, akaingia kwa anwani ya Regina. Akaangalia kitufe cha herufi kubwa. Akafuta nafasi iliyojificha mwishoni mwa neno. Wapi! Mwishowe akabonyeza palipoandikwa "Umesahau neno la siri?"

Wakati huo bibi mmoja aliingia, bahasha ya kaki kwapani, akaketi kwenye benchi la wanaosubiri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Endeleeni. Natoka wodini kwa mzazi wangu, kajifungua jana. Nitangoja zamu."

Wangwe hakumsalimia. Alivaa kofia, akaishusha mpaka kwenye nyusi, akaisogelea kompyuta kama anayetaka kuingia ndani yake.

Rahima alimshangaa. Tarime hii, mtu kumwacha mzee bila shikamoo! Kisha akakumbuka: wodini. Kumbe ni mama mkwe. Akacheka kimoyomoyo. Anawajua Wakurya na wakwe zao. Mwanamume mzima akimwona mama mkwe njiani yuko radhi apite mtaroni. Hapakuwa na pa kupita hapa, maskini.

Kompyuta ikaleta swali ambalo Regina alijitungia mwenyewe: *Jina la mume wako?* Chini yake herufi W na vistari vitano. Majaribio matatu.

Uso wa Wangwe ulichanua. "Si ndiyo mimi huyo! Mwenyewe aliniambia, mume wake ni mimi."

Rahima alihesabu kwa vidole. W, a, n, g, w, e. Sita. Akaandika.

Si sahihi.

Akaandika kwa herufi ndogo tupu. Si sahihi. Limebaki jaribio moja, likikosewa akaunti itafungwa mpaka kesho.

Saa nane na dakika arobaini. Rahima alijikuta na haraka kuliko mteja, na wala shamba halikuwa lake.

"Kaka, huna jina lingine? La ubatizo?"

"Sina. Ni hilohilo."

"Ng'ombe ulitoa ngapi?"

Ni bibi aliyeuliza, kwa upole kabisa, kutoka kwenye benchi. Wangwe akazidi kuinamia kibodi.

"Nakuuliza wewe. Kwa huyo unayemwita mke, ng'ombe ulitoa ngapi?"

"Bibi, jamani," Rahima aliingilia, "hayo mtayamaliza nyumbani. Hapa tunahangaika na mtandao." Yarabi, mahari inadaiwa mpaka steshenari!

"Andika tena, dada," Wangwe alisema. "Labda ulikosea. Andika tena, ni mimi. Hawezi kuwa mwingine."

Rahima aliandika tena, polepole, herufi moja moja. Kidole chake kilikuwa kinashuka kubonyeza pale mkono mkavu, wenye bangili ya shaba, ulipokizuia.

"Futa hilo," bibi alisema. "Weka Wegesa. Mzazi wangu amenituma hivyo."

Rahima akahesabu. W, na tano nyuma yake. Akaandika, akafumba macho, akabonyeza. Alipoyafumbua, folda ilikuwa wazi: hati, mihuri, mipaka ya shamba, kila kitu.

Wangwe alikuwa ameinama, kofia imefunika macho.

"Wegesa ni nani, bibi?"

"Ni mimi," bibi alijibu, akiweka bahasha yake mezani ili itiwe nakala. "Regina ni mke wangu. Kwa mila yetu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mke wa kumzalia, na mwanamume huitwa kusaidia tu. Ng'ombe ishirini nilitoa mimi, na hao watoto ni wangu."