Udongo Wenye Chumvi

Fundi cherehani alichovya kidole kwenye udongo wa chungu cha maua, akaonja. Akatema nje ya dirisha, akaonja tena ili kuhakikisha. Ilikuwa chumvi, na nyingi.

Damu ilimchemka. Miezi mitatu alikuwa akiuuguza mmea ule kama mtoto mchanga. Vidukari vilipoanza, alivipulizia maji ya sabuni yenye tone la mafuta ya kupikia. Utitiri ulipotanda nyuzi chini ya majani, alitwanga vitunguu saumu na pilipili, akachuja kwa kipande cha bitana, akapuliza mpaka akashinda anapiga chafya. Ukungu nao aliufuta kwa maziwa yaliyozimuliwa. Wadudu wote walisalimu amri, lakini mmea uliendelea kufa.

Na mmea ule haukuwa pambo. Baba yake, siku mbili kabla ya kukata roho, alimwita yeye na kaka yake kitandani akawaapisha kwamba nyumba isiuzwe maadamu mmea wake ungali hai. Kaka mkubwa aliapa huku akitazama saa. Fundi aliapa kwa machozi. Tangu siku hiyo alibaki na mama, akashonea sebuleni, na mchumba aliyetaka kumhamishia mji mwingine akaambiwa asante, tafuta mwingine. Mama hangeng'olewa pale, labda yeye fundi awe kaburini.

Sasa kaka alikuwa amepata mnunuzi. Kila Jumapili alikuja na mkewe kumjulia mama hali, na haikupita wiki kabla majani mengine mawili matatu hayajaungua kingo. Hapo hapakuhitajika mpiga ramli.

Jumapili iliyofuata hakungoja hata waketi.

"Wifi, chumvi unayomwaga humu unaitoa kwako au unatumia yetu?"

"Chumvi gani tena, wifi?"

"Usinifanye mtoto. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ndiyo kazi yangu."

Kaka alisimama. "Chunga mdomo wako, dada. Nataka kuuza, nimeshakwambia usoni. Mambo ya kuvizia mmea siyawezi. Hivi umewahi kumuuliza mama anataka nini?"

"Mama aulizwe nini? Hapa ndipo kwake! Mama, hebu waambie."

Wote wakamgeukia mama, aliyekuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha, ameshika kitambaa cha kufutia majani.

"Baba yenu alishasema," alijibu. "Mimi niongeze nini?"

"Umesikia?" Fundi alifungua mlango, akawaonyesha njia. Akamwambia kaka yake, wa tumbo moja, asikanyage tena pale. Wifi alitoka akilia. Kaka hakuaga. Fundi alishinda na uchungu wa kusalitiwa na damu yake mpaka jioni, ila alijipa moyo kwamba amemlinda mama.

Wiki hiyo hakuingia mgeni. Alitupa udongo wote wa zamani, akasuuza mizizi, akapanda upya, akakata majani yaliyoungua.

"Pumzika, mwanangu," mama alimwambia. "Unajichosha bure."

"Nitapumzika ukichipua, mama."

Siku ya tano likatokea jani changa, limejikunja, kijani kibichi. Fundi alicheka peke yake. Alimkimbilia mama jikoni, akamshika mkono, akamleta kuliona. Mama aliliangalia kwa muda mrefu.

"Haya," alisema, akarudi kwenye sufuria yake.

Asubuhi iliyofuata fundi alitoka kwenda kununua zipu. Kabla hajafika dukani akakumbuka kwamba amesahau kipande cha kitambaa cha kulinganishia rangi, akarudi. Mlango alikuta haujafungwa. Aliingia na raba zake zisizo na kishindo, akaganda pale pale kizingitini.

Mama alikuwa ameinama juu ya chungu, pakiti ya chumvi kaibana kwapani. Alikuwa akimimina maji kutoka kwenye kikombe, taratibu, akilizunguka shina pasibaki pakavu.

"Kufa basi, baba watoto," alinong'ona. "Kufa, uniache niende."