Mabomba ya Chande

Maji yalipoanza kutoka mekundu kama chai ya rangi, Bi Zamoyoni alikubali mabomba ya chuma yang'olewe. Aliyafunga marehemu mumewe, Chande, kwa mikono yake, walipohamia nyumba ile.

Fundi aliyakata, akaunga mapya ya plastiki.

“Mama, haya nimpe mnunuzi wa chuma chakavu?”

“Mpe. Ila niachie hicho kipande chenye kiungo.”

Alikaa uani amekipakata. Kwenye kiungo zilibaki alama za meno ya spana, pale Chande alipokaza kwa nguvu zote. Akazipapasa taratibu.

“Mama, njoo uonje maji,” fundi aliita kutoka jikoni.

Bi Zamoyoni alikiinua kipande jichoni, akakielekeza penye jua. Kutu ilikuwa imekiziba, mwanga haukupita. Akaendelea kuchungulia.