Saa Iliyopungua

Siku hizi kila saa unayokaa kwenye semina ya nishati endelevu huipatia nyumba yako saa moja ya umeme. Bi Zawena hakukosa hata siku moja, kwani mumewe alipumua kwa mashine iliyohitaji umeme wa saa nane kila usiku. Leo, walipokuwa wamekaa saa saba tu, mwezeshaji alianza kufunga semina. Bi Zawena akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hilo neno endelevu ndiyo nini hasa?"

Ukumbi ukacheka. Mmoja akadakia, "Mama naye! Tangu asubuhi ulikuwa umelala?"

"Nieleze polepole, mwanangu. Usiruke kitu."

"Ni kitu kisichokatika, mama," mwezeshaji akajibu. "Basi, tujipigie makofi, twende nyumbani."

Usiku, saa ya saba ya umeme ilipokaribia kwisha, Bi Zawena alikaa kitandani, akaweka kiganja kifuani mwa mumewe, akasubiri mashine inyamaze.