Galaksi Iliyokuwa Bado Inazaa

Kabla ya mkutano wa saa nane mchana, Profesa Mbaruku alibisha mlango wa Mwanahawa, akaingia na vikombe viwili vya chai.

"Binti yangu, hebu nionyeshe tena zile galaksi zako kongwe."

Mwanahawa akawasha kompyuta. Alikuwa amekusanya galaksi zilizokwisha kuacha kuzaa nyota. Kwa kulinganisha umri wa zile za mbali na zile za karibu, alikuwa amepata kasi ya kupanuka kwa ulimwengu. Jibu lake, ambalo angelitangaza mchana huo, lilikuwa la chini, likipinga lile ambalo mzee huyo alilifundisha maisha yake yote.

Profesa akagusa kioo. "Hii, ya mbali kuliko zote. Tazama mwanga wake."

Palikuwa na buluu hafifu, rangi ya nyota changa. Galaksi hiyo, ajuza aliyemtegemea, kumbe alikuwa bado anazaa, na umri aliompa haukuwa wake.

"Umeiona lini?"

"Jana."

"Ungeweza kusubiri uniulize mkutanoni, mbele ya watu wote. Ungenimaliza."

"Kunywa chai, mama, inapoa."

Mwanahawa akaiondoa galaksi ile. Kompyuta ikapiga hesabu upya. Mstari wa kasi ukaanza kupanda kiooni kuelekea jibu la mzee, ukalifikia, ukalipita, ukaendelea kupanda.

Profesa akavuta kiti, akakaa kando yake.

"Mh," alisema. "Haya, tutazame sote."