Sahar Hajarudi Nyumbani

"Mimi siingii," alisema Maalim Taib, akaushika mwimo wa mlango kama mtu anayeogopa kusombwa na maji.

Watu waliovaa suti walimpita wakiingia ukumbini, ghorofa ya nne ya jengo moja la Upper Hill. Mkewe, Mwanasha, hakumvuta. Alimfungulia kijitabu cha ratiba, akaweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza. Tuzo ya Utafiti Bora wa Saratani. Chini yake, kwa herufi nzito, jina la binti yao: Sahar.

"Jina lake li mbele ya madaktari wote," alisema. "Ingia kwa ajili yake, Maalim. Si kwa ajili yangu."

Taib alikuwa hajamwona Sahar kwa miaka sita. Binti alikuwa na miaka kumi na saba alipoingia maabara ya utafiti huo, mdogo mno kujitilia saini. Siku hiyo Taib alikuwa Lamu, amekwenda kumuuguza mamake. Mwanasha ndiye aliyetia saini. Taib aliporudi na kusikia, alikwenda hadi langoni pa maabara akadai apewe mwanawe. Akaonyeshwa karatasi. Tangu hapo aliendelea kusomesha madrasa yake karibu na Biashara Street, na chakula cha mkewe alikila, lakini jina la Sahar halikutajwa tena nyumbani mwao.

"Aliniomba mwenyewe," Mwanasha aliwahi kumwambia, mara moja tu. "Alisema, Mama, niwache nikawafae wenzangu. Ningemkatalia vipi?"

"Amana hurudishwa kamili," Taib alimjibu. "Hilo hata wanafunzi wangu wa alifu kwa kijiti wanalijua."

Hatimaye aliuachilia mlango. Wakakaa safu ya mwisho.

Mkuu wa maabara, Daktari Rael, mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, aliitwa jukwaani. Akaipokea tuzo, akawashukuru wafadhili, akawashukuru wenzake.

"Sisi wengine jioni huenda nyumbani," alisema. "Sahar haendi. Miaka sita, hajapumzika hata siku moja. Amefika Kampala, amefika Cape Town, na kote alikofika wameniandikia kwamba hawajaona mfano wake. Dawa hii tunayosifiwa leo isingepatikana bila yeye. Wazazi wake wako nasi humu ndani."

Ukumbi mzima ukasimama na kupiga makofi. Taib aliinamia viatu vyake.

"Kampala?" alinong'ona. "Nani alimpa ruhusa?"

Mwanasha alikuwa analia.

Wakati wa chai, mwanamke mmoja aliyevaa sweta ya kijani alipenya katikati ya watu hadi mbele yao.

"Mzee, ni wewe babake Sahar? Mimi naitwa Wangu, nauza mboga Kenyatta Market. Kijana yangu alikuwa na hiyo saratani ya mifupa. Walikuwa wanataka kumkata mguu. Wakampea hii dawa. Saa hii anacheza mpira, kila mwezi viatu mpya!" Akacheka. Akaushika mkono wa Taib kwa mikono yake yote miwili. "Sijui nikushukuru aje. Wewe ulizaa, mzee."

Taib hakuwa mtu wa kupeana mikono na wanawake wa watu. Lakini hakuutoa mkono wake. Alisimama hivyo hivyo mpaka Wangu mwenyewe alipomwachilia. Miaka sita alikuwa akiitunza hasira yake kama mwana wa pili, na sasa aliitafuta asiione.

Akamwendea Daktari Rael.

"Yuko wapi?"

"Maabara, Maalim. Hapo ng'ambo tu ya barabara."

"Nipeleke."

Walivuka barabara wote watatu. Taib alitangulia, kisha akabaki nyuma, kisha akatangulia tena. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza. Alikuwa akiyapanga maneno, na kila alipoyapanga yalimponyoka.

Mlangoni walinawa mikono, wakapewa makoti meupe. Mwanasha alivaa lake na kulifunga bila kuelekezwa. Taib akamtazama.

"Umekuwa ukija hapa."

"Kila Ijumaa," alisema mkewe kwa sauti ndogo. "Wewe ukiwa msikitini."

Taib alidhani angekasirika. Badala yake alimwonea huruma, kwa zile Ijumaa zote alizokuja peke yake.

"Atanikubali?" aliuliza.

"Ingia, Maalim."

Chumba kilikuwa kitupu, kimejaa mwanga wa alasiri. Daktari Rael alifungua kabati la chuma lililokuwa likivuma taratibu, joto likatoka. Akatoa kisahani kidogo chenye maji ya rangi ya waridi, akakiweka chini ya hadubini, akamvutia Taib kiti.

"Assalamu alaikum, mwanangu," alisema Taib. "Nisamehe, nimechelewa."

Kisha akainama, akaweka jicho, akakiona kile kilichobaki cha binti waliyemzika Kariokor miaka sita iliyopita: chembe za uvimbe wake wa saratani, zingali hai, zinazidi kuongezeka.