Mgeni wa Tatu

Mgeni wa tatu alipoingia ukumbini mwa mkutano wa chanjo, Nehemiah alisahau alichokuwa akiandika.

Uso ule aliujua. Mwaka 1996 majambazi walisimamisha basi kati ya Garsen na Witu, wakafyatua risasi. Abiria walitawanyika porini. Nehemiah alilala kifudifudi kichakani, akawaona wakipita mmoja mmoja na bunduki zao. Mmoja alikuwa amebeba mfuko begani. Aligeuza shingo, wakatazamana. Kisha akawafuata wenzake.

Nehemiah hakumwambia mtu, hata polisi walipomhoji. Aliogopa majambazi wangerudi kummaliza.

Sasa, miaka miwili baadaye, mtu yule alikuwa ameketi mbele yake hapa Garsen, kavaa shati jeupe, anakunywa chai.

“Huyu ni Daktari Sadik, ametoka Kismayu,” alisema Bi Loise, muuguzi aliyeongoza mkutano. “Jamani, wafugaji huvuka mpaka na watoto wao kila ukame. Tukichanja huku, wenzetu wasichanje kule, polio itarudi tu. Safari hii Kenya na Somalia tutatoa matone ya chanjo kwa wakati mmoja.”

Watu wakaitikia. Nehemiah hakuwa akisikiliza. Sadik alikuwa amemkazia macho.

Bi Loise akaanza kusoma majina ya timu.

“Nehemiah, wewe unaijua njia. Utakwenda na Daktari Sadik mpaka mpakani. Siku sita.”

“Mimi na yeye tu?”

“Na dereva. Kwani vipi?”

“Hapana, Bi Loise. Hakuna neno.”

Nehemiah akaona tayari gari likiingia msituni, kisha akajiona amelala kando ya barabara, nzi wamemjaa usoni. Mkewe angeambiwa nini kule Ngao?

Wakati wa mapumziko alitoka mbio mbio. Langoni alisimama askari na bunduki yake. Maneno Nehemiah alishayapanga: afande, yule mwenye shati jeupe ni jambazi. Alijua mkutano ungevunjika palepale, wageni wangerudi kwao, na mpango mzima wa chanjo ungekufa. Lakini siku sita porini na mtu yule!

Alikuwa hajamfikia askari. Mkono ulimshika begani.

“Ndugu Nehemiah.” Alikuwa Sadik. “Naona umenikumbuka.”

Nehemiah alitaka kupiga kelele, sauti ikakataa.

“Sikumwambia mtu,” alinong’ona. “Naapa kwa Mungu, daktari. Polisi waliniuliza mara tatu, nikasema sikumwona yeyote. Nina watoto. Tafadhali.”

Mkono wa Sadik ukateleza polepole kutoka begani.

“Kumbe hukuwaambia,” alisema. “Kwenye basi lile nilikaa viti viwili nyuma yako. Majambazi waliponichukua niwatibu majeruhi wao, ni wewe peke yako uliyeniona. Niliwangoja polisi waje kuniokoa kule porini miezi kumi na mmoja.”